Mbao Kavu za Ofisi ya Patron

Kilio cha Patron, yule tajiri wa madepo, kilifanyiwa ofisini kwake, si nyumbani. Wanawe walisema nyumba ni ndogo kwa wageni, lakini watu wa Butembo walielewa: walitaka mji uitazame ofisi ile mara moja tena kabla hawajagawana mali. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cheupe cha ngozi, mbele ya meza ya mita sita niliyoitengeneza kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikimsikiliza mkubwa mmoja wa serikali, mtu aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akieleza maisha ya marehemu. Alisema kwamba wakati wa vita, wengine walipokuwa wakibomoa, Patron alikuwa akijenga. Alilisema mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Jirani yangu akapitisha kiganja juu ya meza, polepole, akaninong'oneza: “Angalia ile mbao, fundi. Libuyu ya kweli. Sasa hapana tena mbao ya hivi.” Nikashika mkono wa kiti nisisimame. Mimi si mtu wa hasira za haraka. Nimezoea kupima kabla ya kukata, na hata hasira naipima. Ile ya siku hiyo nilikuwa nimeipima kwa zaidi ya miaka ishirini, na kipimo hakikuwa kimepungua hata kidogo.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala kwa nini niliacha shule. Inatosha kujua kwamba mwaka nilioitengeneza meza ile Beni ilikuwa makao ya wakubwa wa waasi, barabara ya Eringeti ilikuwa imejaa watu wanaoshuka na magodoro vichwani, na mimi nilikuwa nikifanya kazi katika karakana ya Papa Kambale, seremala ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametengeneza karibu kila kitu cha mbao katika makanisa ya Kiprotestanti kuanzia Vuhovi hadi kaskazini. Patron alitujia asubuhi moja akiwa na katalogi aliyoileta kutoka Dubai, kitabu kizito cha picha za ofisi. Hakuleta ramani wala vipimo. Alifungua ukurasa mmoja, akaweka kidole, akasema, “Hii. Yote. Kama iko hapa.” Papa Kambale akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda, akamwuliza ile ofisi ni ya kazi gani. Patron akacheka. “Ya kazi ya kukaribisha batu bakubwa, Papa. Mutu akiingia, asahau kama iko Butembo.”

Katalogi ile ndiyo iliyonisomesha, na ndiyo sababu sikuweza kuichukia mapema kama nilivyopaswa. Nilijua kitasa cha mlango kinakaa karibu mita moja kutoka sakafuni. Basi nilichukua rula, nikapima kitasa katika picha, na kwa kitasa hicho nikapima kila kitu kingine: urefu wa meza, unene wake, umbali wa kiti hadi kiti, upana wa mbao za ukutani, ule mstari mwembamba mweusi ulioachwa kati ya ubao na ubao kana kwamba kila mmoja umesimama peke yake. Niliandika vipimo hivyo katika daftari, ukurasa kwa ukurasa. Niligundua kwamba uzuri wa chumba kile haukutoka kwenye dhahabu wala maua. Ulitoka kwenye mistari kukutana mahali ilipopaswa kukutana. Nilikuwa kijana ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba ana akili, na hapo nikajiambia mwenyewe. Wakati vijiji vilipokuwa vikiungua, mimi nilikuwa nikigawanya sentimita kwa furaha. Hilo naliandika bila kujitetea.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya depo yake, juu ya barabara ya udongo ambayo mvua iliigeuza uji. Mgeni alipaswa kukwangua matope viatuni kwa kijiti mlangoni, kisha akakanyaga vigae vyeupe vilivyong'aa kama sahani. Kulikuwa na ukuta mzima wa kioo kati ya chumba cha Patron na chumba cha mkutano, taa zilizofichwa ndani ya dari ili mwanga ushuke bila kuonekana ulikotoka, na viti kumi na vinne vya ngozi vilivyopita Mombasa na mpaka wa Kasindi vikiwa bado ndani ya nailoni. Na kulikuwa na klimatizeri, mashine ya kupoza hewa. Yeyote anayejua Butembo anajua kwamba asubuhi tunavaa makoti, na kwamba hakuna mtu hapa aliyewahi kuomba chumba kipozwe. Lakini ilikuwepo katika picha, kwa hiyo ilifungwa ukutani, na jenereta ilipowashwa ilitupulizia baridi sisi mafundi mpaka vidole vikashindwa kushika msumeno. Wenzangu waliipa ofisi jina la Frigo. “Leo tunaingia Frigo,” walikuwa wakisema wakivaa sweta.

Chakula tulikula palepale, juu ya kipande cha mbao ya tripleksi, katika chumba ambacho kingekuwa cha mkutano. Aliyekipika alikuwa Kavira, msichana wa rika langu aliyeshuka na baba yake kutoka kijiji kimoja cha upande wa Eringeti, wakapata chumba nyuma ya soko. Alileta bugali wa muhogo, maharagi yenye mawese, mara mojamoja mboga ya lengalenga, na alitugawia akitutania. “Kula, ya Paluku,” aliniambia, akinihesabu kama kaka yake mkubwa. “Unapima-pima tu, kesho utapima na bugali.” Wakati tukila aliongea kuhusu kwao, hasa kuhusu kanisa. Katika kanisa lile kila nyumba ilikuwa na benchi lake. Nyumba ilitoa mti, seremala akautengeneza, na chini ya benchi jina la nyumba likachomwa kwa chuma cha moto. Mtu alipofiwa, mabenchi yalitoka kanisani yakaenda kilioni, na kilio kilipokwisha kila benchi lilirudi mahali pake kwa kusoma lile jina. Baba yake, mzee Kasereka, ndiye aliyekuwa akisimamia kurudi kwa mabenchi. Kavira alimwigiza: mzee mfupi aliyeinama, kichwa chini ya benchi, akipiga kelele kwamba benchi la watu fulani bado liko kwa watu fulani. Tulicheka mpaka maharagi yakatutoka puani.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Tulikuwa tumenunua libuyu, mbao nyekundu ya msituni, kutoka Mabalako kwa ajili ya meza, na ilikuwa mbichi. Wiki tatu baadaye ubao wa kwanza ulikuwa umejikunja kama jani. Patron alikuja, akaugusa kwa ncha ya kiatu.

“Juu ya nini inapinda?”

“Iko mbichi, Patron,” Papa Kambale akasema. “Mbao ya unene ile inaomba miaka mbili, miaka tatu.”

“Ouverture, siku ya kufungua, iko kisha miezi mbili. Bakubwa ba Beni banakuya. Basi donc?”

“Donc tungoje.”

“Mimi hapana mutu wa kungoja, Papa.” Akanigeukia mimi. “Wewe kijana, unasomaka. Mbao kavu inapatikana wapi?”

Nikajibu kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, nikieleza yote kwa utaratibu, kwamba waliokuwa wakipasua mbao wamekimbia, kwamba madepo hayana kitu. “Mbao kavu ya unene ule iko tu mu bitu bya zamani, Patron. Milango ya zamani. Mabenchi ya makanisa, zile za miaka makumi tatu.” Chini ya meza ya kazi Papa Kambale alinikanyaga mguu kwa nguvu. Nilidhani ni bahati mbaya. Patron akanipiga begani. “Munasikia? Huyu iko na kichwa.” Hakuuliza kitu kingine. Akatoka, akakwepa matope, akapanda gari.

Siku kumi baadaye lori lake lilirudi kutoka upande wa Eringeti likiwa na askari wanne juu ya mzigo. Mabenchi kumi na manane. Askari waliyatupa chini mojamoja wakiimba kwa Kilingala. Papa Kambale aliinama, akatia kidole mahali mguu unapoingia kwenye ubao, akakizungusha taratibu. “Hii ni mikono yangu,” alisema. Akaligeuza benchi. Jina lilikuwepo, jeusi, herufi kubwa zilizochomwa. Patron alikuwa amesimama mlangoni.

“Mbele ya kusema, Papa, sikiliza. Kule hakuna mutu. Kanisa iko wazi, mvua inaingia, baaskari bangechoma yote kuni. Mimi niliokoa mbao.”

“Ziokoe, basi. Uziweke mahali kavu, benyewe bakirudi bazikute.”

“Bakirudi! Mimi nitabatengenezea zingine mupya. Mbele ya Mungu.”

“Mimi sitaziranda,” Papa Kambale akasema. Alivua aprani, akaikunja mara nne, akachukua randa yake ya mkono, akanitazama. “Paluku. Kuya.”

Sikuenda. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri na sijaipata. Sikuogopa askari, walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta pombe ya kasiksi. Sikuwa na njaa kuliko siku nyingine. Nilitaka kukiona kile chumba kimekwisha. Nilitaka mistari ikutane. Papa Kambale akaenda zake, na mpaka alipofariki alikuwa akitengeneza madirisha na majeneza huko Vuhovi, na tulipokutana alinisalimu jinsi mtu anavyomsalimu polisi: kwa adabu yote, bila kusimama. Mimi nikawa mkuu wa kazi.

Kavira aliyaona mabenchi mchana huohuo alipoleta chakula. Aliweka sufuria chini, akapita kati yake akiyageuza moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye lile lililoandikwa NYUMBA YA KASEREKA. Akakaa juu yake. Hakulia. Aliuliza yamefikaje, na wenzangu wakatazama sahani zao. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyelitaja neno mabenchi mbele ya Patron. Kuanzia siku ile alitugawia chakula bila utani.

Wiki ya mwisho kabla ya ufunguzi, asubuhi ya Jumatano, alikuja bila sufuria. Benchi la kwao lilikuwa mbele yangu, limelala kwenye meza ya kazi, nusu ya upande wake wa juu imekwisha kurandwa na kuwa nyekundu, nusu nyingine bado nyeusi kwa miaka thelathini ya makalio ya watu.

“Ya Paluku, papa alikufa.”

“Pole, Kavira. Pole sana.”

“Batu banafika, banaikala chini mu matope. Nakuomba benchi yetu. Siku tatu tu. Nitairudisha mimi mwenyewe, na mugongo wangu.”

“Lakini nimeshatoa miguu. Angalia, nimeshaanza kuranda.”

“Hata bila miguu. Tutaiweka juu ya majiwe.”

“Ouverture iko Ijumaa. Patron atasema nini?”

“Mimi hapana uliza Patron. Niko nauliza wewe.”

Nilimwambia angoje ngazini, nikamwulize Patron. Alikuwa hatua sita kutoka meza yangu ya kazi, nyuma ya ukuta wa kioo. Alikuwa amevua nailoni kwenye kiti chake kipya na alikuwa akijizungusha, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, miguu imeinuliwa juu kama mtoto. Nilisimama mbele ya kioo. Alinipungia mkono. Nikampungia. Kisha nikarudi, nikamwambia Kavira kwamba amekataa. Huo ndio uongo mmoja ninaoukumbuka kwa usahihi wa milimita. Patron, Mungu amsamehe akipenda, hakuulizwa. Pengine angekataa. Pengine siku ile, akiwa na furaha ya kiti, angesema chukueni. Nimemkasirikia mtu yule maisha yangu yote, na nina haki, lakini jibu alilopewa Kavira lilikuwa langu.

Nikamaliza. Mbao nane zilitosha meza, nyingine kumi zikawa ukuta. Kwa kuwa ubao mpana hupumua, ukivimba masika na kusinyaa kiangazi, sikutumia gundi. Kila mmoja niliulaza peke yake juu ya fremu ya chuma na kuukaza kwa skurubu kutoka chini, na ule mstari mweusi wa katalogi ukatokea wenyewe kati ya ubao na ubao. Upande wa chini sikuugusa. Majina nane yakabaki chini ya meza, kumi yakaelekea ukuta, na mimi nikajiona shujaa wa siri. Ijumaa wakubwa wa Beni walikuja. Komanda mmoja alikaa kichwa cha meza akiwa na koti la kijeshi hadi kidevuni, kwa sababu klimatizeri ilikuwa imewashwa kwa heshima yake, na meno yakigongana akasema, “Malili ya Mpoto! Papa, baridi hii ni ya Ulaya kabisa!” Kila mtu akacheka akijipuliza viganja. Baadaye kazi ziliniangukia kutoka Beni, Goma, hata ng'ambo ya mpaka. Wanakijiji waliporudi kwao baada ya vita walisali wakiwa wamekaa juu ya matofali. Mabenchi mapya hayakufika kamwe. Nilijua. Sikuwatengenezea hata moja. Nilikuwa na shughuli.

Ndiyo maana neno lile, alikuwa akijenga, lilinifanya nishike mkono wa kiti siku ya kilio. Adhuhuri watu walipotoka kwenda kula uani, nilibaki. Mama mmoja aliingia kukusanya vikombe vya chai. Alikuwa amenenepa, kitambaa kimefungwa chini sana kwenye paji la uso, lakini namna ya kuweka sinia chini niliijua.

“Fundi,” alisema bila kushangaa. “Hata wewe sasa unaikalaka mu kiti ya bakubwa.”

“Mama Kavira.”

“Bananiita kupikia kilio. Napikiaka tu hii nyumba, unaona?”

Nikamwambia. Kwanza nikamwambia kwamba Patron hakuulizwa, siku ile. Aliendelea kupanga vikombe. Kisha nikamwambia lile ambalo, nakiri, nilikuwa nimelitunza kama zawadi: “Jina ya papa yako iko hapa. Sikuiranda. Iko chini ya meza.” Akapiga magoti, mkono mmoja juu ya goti lenye maumivu, nami nikawasha taa ya simu na kulala chali karibu naye. Ubao wa tatu kutoka mlangoni, upande wa kichwa cha meza. Herufi zilikuwa kama siku zilipochomwa. Alizigusa kwa kidole, zote.

“Miaka yote ulijua kama iko hapa?”

“Nilijua.”

“Na mimi nauzishaka ndizi pale chini. Unapitaka kila siku.”

“Nilitaka jina isipotee.”

Akacheka, na kicheko kile nilikistahili. “Papa alizala batoto saba, fundi. Jina yake haiwezi kupotea juu ya kukosa meza. Ile jina haiko ya kukumbukia mutu. Iko ya kuonyesha benchi inarudi wapi. Wewe unasomaka bitabu byote, hii ulisoma je?” Akaugonga ubao kwa kidole. “Na ukaiweka mahali bale batu banatia miguu.”

Nikaishusha taa ya simu kifuani.

“Uko na turnevisi?” akauliza.

Turnevisi, yaani bisibisi, haikosekani katika mfuko wa koti langu. Skurubu zilikuwa kumi na mbili. Ya kwanza ilikataa, nikaipiga ngumi, ikalegea. Nilikuwa kwenye ya saba nilipoona viatu vyeusi vya mwana mkubwa wa Patron vikisimama kando ya meza.

“Fundi? Unafanya nini na meza ya papa?”

Kavira alimjibu kabla yangu, kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. “Iko anarudisha benchi, muwana wangu. Iliazimwaka.”

Kijana alisimama pale akitafuta kama ni mzaha, kisha akatoka kwenda kuita wazee wa ukoo. Nikamaliza skurubu zilizobaki, kisha Kavira na mimi tukausukuma ubao kutoka chini, ukatoka. Niliupima kwa vidole kwa mazoea. Papa Kambale aliuacha na sentimita tano. Mimi niliuacha na tatu kasoro. “Hautabeba batu bane tena,” nikamwambia. “Niliuranda sana.”

“Ninaona.”

Tuliushusha ubao hadi barabarani. Kavira akaufunga kamba, akaipitisha juu ya paji la uso kama mama zetu wanavyobeba kuni, akainama, akasimama. Hakuniambia wasingya, asante ya kwetu, na ingeniumiza kama angesema. Alikata upande wa soko, akipita katikati ya matope, ubao umelala mgongoni, upande uliochomwa ukiwa juu, na waliokuwa wamesimama wakingoja sahani zao wakageuza vichwa kusoma.

Nilipanda tena juu. Mahali pa ubao palikuwa na nafasi ndefu, na kupitia nafasi hiyo vilionekana vigae vyeupe na viatu vya wanaume watatu walioingia wakiongea kwa sauti kubwa. Nilipiga magoti, nikalala chali. Zilibaki mbao saba mezani, na kumi ukutani. Nikaweka ncha ya turnevisi kwenye skurubu ya kwanza ya ubao uliofuata.